Mtu wa ghorofa kaja kwetu Kariakoo

Ukiitwa nyumbani Kariakoo siku hizi bila kuambiwa nani kafa, ujue kaja mtu wa ghorofa, yule anayetaka kiwanja chenu avunje nyumba ajenge juu. Jumapili kaka kanipigia saa mbili asubuhi, salamu hakuna, "dogo njoo na kitambulisho", nikajua hapohapo. Nikapanda daladala toka Mbagala, nikashuka nikatembea, maana watu wanadhani Jumapili Kariakoo inapumzika, wapi, maguta yanapita, vijana wanashusha marobota, na mbele ya baraza letu kimepakiwa kirikuu, kigari cha mizigo, cha mtu ambaye hata hatumjui, tukimuuliza anasema "dakika mbili tu bosi" na hizo dakika mbili zina mwaka wa tatu sasa.

Kwa msiojua, nyumba yetu ni moja ya zile za chini zilizobaki. Mstari wetu ulikuwa na nyumba tisa, leo zipo mbili, yetu na ya mzee mmoja ambaye wanawe wanangojea tu. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, nyuma ghorofa, ukikaa uani ukiangalia juu unaona kama uko ndani ya kisima, jua linaingia saa sita, saa nane limeshaaga. Shangazi anaanika nguo kwa ratiba. Na maji ya viyoyozi vya jirani yanadondoka kwenye bati letu usiku kucha, tap tap tap, mgeni akilala kwetu anaamka anauliza mvua imenyesha?

Basi nimefika nimekuta kikao kimeshaanza barazani. Mtu wa ghorofa mwenyewe, sitamtaja, ni mtu safi tu, kavua viatu kabla hajaambiwa, kampa shangazi shikamoo ya heshima, kapokea maji kanywa yote. Kaja na kijana wake wa kompyuta. Kijana akafungua, tukaona ghorofa kumi, vioo vya bluu, chini kabisa ardhini stoo na pakingi, juu yake fremu za maduka floo mbili, halafu ofisi, halafu apatimenti. Mbele ya jengo wamechora miti, na mama wa Kizungu kashika mkono mtoto mwenye puto. Kaka akauliza, huyu mtoto wa nani mbona hatumjui hapa mtaani? Tukacheka wote, na mtu wa ghorofa akacheka, ndo maana nasema ni mtu safi, angekuwa na kiburi kazi ingekuwa rahisi.

Mpango wenyewe ni ule mnaoujua, ubia. Sisi tunatoa kiwanja, ye anatoa hela ya kujenga. Likiisha tunapata fremu mbili na fleti tatu, zilizobaki zake kwa miaka iliyoandikwa kwenye mkataba, na wakati wa ujenzi anatulipia kodi sehemu, kasema Buguruni. Kaka anapenda. Binamu zangu wawili wanapenda mpaka mate yanawatoka, kwasababu fremu ya chini Kariakoo huisubirii kodi ya mwisho wa mwezi, unapiga mtu kilemba kwanza, yaani hela ya kuingilia tu, hela ambayo huwezi kuipata ukipangisha chumba cha bati miaka kumi. Na mimi, nisijifanye mtakatifu, nilipiga hesabu kichwani pale pale na nikaona bati la kwangu Mbagala limeisha na choo kimevutwa ndani. Kwaiyo msije mkadhani huyu anayeandika ni mtu wa kulia-lia makumbusho. Nyumba ya bibi ina mchwa. Ukuta wa chumba cha pili ukigonga unasikia udongo unashuka ndani kama mchele kwenye gunia. Kila masika tunaweka mabeseni manne.

Ila shangazi akauliza swali. Shangazi ana miaka sabini na kitu, anasikiliza kwanza, mpaka mkasahau kama yupo. Akasema, baba, fleti zetu ziko ya ngapi? Kijana akasema ya saba na ya nane mama, upepo mzuri, unaona mpaka bahari. Shangazi akasema, sawa, nikifa ufuo utachimbwa wapi?

Kijana hakuelewa. Mtu wa ghorofa alielewa, maana niliona kaweka glasi chini. Ufuo ni kile kishimo kinachochimbwa chini ya kitanda maiti anapooshwa, maji yaingie humo. Kwetu bibi kaoshewa chumbani kwake, babu vilevile, baba yangu vilevile, sakafu ilibanduliwa ikazibwa, mpaka leo ukiingia chumba cha kwanza unaona saruji ya rangi tatu tofauti. Mtu wa ghorofa akasema mama siku hizi wanaosha msikitini, pana sehemu nzuri. Shangazi akasema sawa. Na kunitoa juu kunileta chini? Akajibu kuna lifti. Shangazi akasema, lifti jeneza linaingia limelala au limesimama?

Jamani. Pale palikuwa kimya mpaka tukasikia guta linapita.

Mnajua kwanini aliuliza vile? Ghorofa la pembeni yetu, mwaka juzi, alifariki mzee wa floo ya sita, mtu mzuri alikuwa anashuka kila jioni kuja kukaa barazani kwetu kwasababu kwake hakuna pa kukaa, alikuwa anasema "nakuja kupumua". Siku ile umeme umekatika, jenereta la jengo lina mafuta ya kusukuma maji tu au sijui lilikuwa na nini, basi wakamshusha kwa ngazi. Na ngazi za pale zinakata kona kali, nyembamba, maana kila futi iliyoenda kwenye ngazi ni futi ya fremu imepotea. Kila kona ilibidi jeneza lisimamishwe. Wanawe wanne na mimi na kaka. Floo sita, kona kumi na mbili. Mwanawe mkubwa alikuwa chini anabeba uzito wote na anaongea na baba yake, anamwambia tumekaribia mzee, tumekaribia. Tulipofika chini turubai lilikuwa limefungwa wapi? Mbele ya nyumba yetu. Mikeka imetandikwa kwetu, sufuria zimepikiwa uani kwetu, wanawake wamekaa vyumbani kwetu. Jengo lile lina floo nane na msiba wake ulikaliwa kwenye nyumba ya mchwa.

Hicho ndo nataka kusema, mengine yote ni kuzunguka tu.

Maana watu wa mipango miji wanakuambia nyumba za chini zinapoteza ardhi, mji unakua, lazima tuende juu, tuongeze watu kwenye eneo lilelile. Kwa karatasi ni kweli. Sasa mi nikiwa narudi usiku ule kwenye daladala nikaanza kuhesabu kwetu tulikuwa wangapi kipindi niko darasa la tano. Nyumba ya Kiswahili mnaijua, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, mbele baraza, nyuma ua, uani jiko na choo na bafu na vile vibanda viwili. Chumba cha kwanza bibi na sisi wajukuu wanne. Mkabala fundi cherehani, mkewe, watoto watatu, na cherehani yake barazani mpaka leo ipo, kamwachia mwanawe. Cha pili mama mmoja wa Kindengereko alikuwa anauza samaki wa kukaanga, yeye na binti zake wawili na mjukuu. Mkabala vijana wa bandarini sita wanapokezana vitanda, wa usiku akitoka wa mchana analala. Cha tatu shangazi na mumewe na watoto. Cha mwisho mwalimu wa madrasa. Vibandani walikuwepo wengine siwakumbuki vizuri. Nilipofika Mtoni Mtongani nilikuwa nimefika ishirini na tisa. Watu ishirini na tisa, nyumba ya chini.

Sasa hilo ghorofa la kulia, floo nane. Nikasema ngoja. Jumapili ile ile saa mbili usiku nilisimama ng'ambo ya barabara nikahesabu taa. Madirisha matatu. Mengine yote giza, na siyo kwamba watu wamelala, ndani kuna maboksi ya viatu na ya vyombo vya plastiki, mpaka huko juu walikosema ni apatimenti. Mwenye duka chini amekodi fleti juu akafanya stoo, kwasababu stoo hailalamiki lifti mbovu, haizai, haichelewi kodi. Mlinzi pale ananifahamu, nikamuuliza wangapi wanalala humu, akasema mimi, na Mchina mmoja, na familia ya floo ya tano ila wanahama. Sijafanya utafiti wa Kariakoo nzima, nasema la kulia kwetu na la nyuma, na nyie mnaokaa huku simameni usiku mhesabu taa za jirani yenu. Kumejazana kweli, ila kumejazana bidhaa. Watu tuko Mbagala, Chanika, Kivule, tunaamka saa kumi alfajiri kuja kuuza hizo bidhaa.

Alafu hili neno urithi. Kuna ndugu yangu kwenye grupu la WhatsApp la familia kaandika "kwani hiyo nyumba ina historia gani, ni banda tu, ingekuwa ya Mjerumani sawa". Nimekaa na hiyo sentensi wiki nzima. Kwasababu kwa sheria yuko sahihi kabisa! Sheria ya malikale ya mwaka 1964 inasema jengo linahesabika kumbukumbu lenyewe bila kuombwa kama limejengwa kabla ya mwaka 1863, la baada ya hapo mpaka waziri alitangaze. Sasa pigeni hesabu. Dar es Salaam hii Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, kaanza kuijenga kwenye miaka hiyohiyo ya 1860. Boma la Kale pale Sokoine Drive, ndo katika majengo makongwe kabisa ya mji, ni la 1866 na 1867. Yaani mstari umepigwa mahali ambapo mji mzima umedondokea upande wa nje. Ni kama kusema tunawaheshimu wazee wote wa kijiji, mzee ni yule aliyezaliwa kabla kijiji hakijaanza.

Mwaka 1995 wakatangaza majengo kadhaa ya katikati ya mji, na baadaye mengine yakatolewa kwenye orodha, na mengine tumeshuhudia yakienda. Lile jengo la Salamander pale Samora mtu wa rika langu unamwonyesha mwanao unasema "hapo palikuwa" halafu unatafuta maneno. Uhindini zile nyumba za floo mbili tatu zenye vibaraza vya juu na mwaka umeandikwa kwenye paji la nyumba, kila ukipita imepungua moja. Lakini angalau kule watu wanapiga picha, wasanifu wa majengo wanatembeza wageni, Boma lenyewe limetengenezwa limekuwa kituo cha urithi wa majengo. Kariakoo nani anakuja kupiga picha nyumba ya udongo na fito? Wajerumani walivyogawa mji kulikuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, sisi tukawa wa tatu, na Waingereza wakaacha uwazi wa Mnazi Mmoja katikati tusiwakaribie. Kwenye kukumbukwa pia naona foleni ni ileile.

Wakati jina lenyewe la mtaa ni kumbukumbu. Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza vita ya kwanza ya dunia, kambi yao ilikuwa hapa, mdomo wa Kiswahili ukaigeuza Kariakoo. Watu walibeba mizigo ya vita isiyo yao wakafa kwa maelfu kwa njaa na kuhara, na leo vijana wanabeba marobota pale pale, sijui niseme nini. TANU imezaliwa 7 Julai 1954 mtaa ambao leo ni Lumumba, kutoka kwetu ni kutembea tu. Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 alipokelewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, Kariakoo, kabla ya kwenda Magomeni, na nyumba ya Magomeni imefanywa makumbusho, vizuri sana, lakini jiulize ile miaka watu walikuwa wanakutana wapi. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa ngoma kabla hajawa kiongozi wa kina mama wa TANU, na wanawake wa vikundi vya ngoma ndo walioingizwa chamani kwa wingi, sasa mwanamke wa 1955 unamkuta wapi kama siyo uani, anakuna nazi? Bibi yangu hakuwa mtu mkubwa wa chama, alikuwa na kadi na alikuwa na ua, na ua ulikuwa unatosha. Hiyo historia haina geti wala nguzo za mawe. Ina baraza na korido na mlango wa uani ambao mtu anaweza kuingilia asionekane.

Simba na Yanga hizo hizo zimetoka barazani, siingii huko maana nyumba yetu imegawanyika.

Na siyo kwamba nachukia kila kilichojengwa kwa zege. Soko letu la Kariakoo kalijenga Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, likafunguliwa 1975, lile paa la miavuli mikubwa ya zege ambayo ikinyesha inakusanya maji yanashuka kwenye nguzo mpaka matangi ya chini. Mtu alifikiria mvua! Alifikiria mama muuza nyanya atakaa wapi na joto litatokea wapi. Lilivyoungua 10 Julai 2021 shangazi alisimama barazani usiku anaangalia moshi analia kama kafiwa. Kwaiyo jengo kubwa linaweza kuwa na adabu. Tatizo haya ya kwetu hayafikirii mvua. Hebu njooni masika. Mabomba ya maji taka ni yaleyale yaliyokuwa yanahudumia nyumba za vyumba sita, sasa kila kiwanja kina floo nane, kumi, choo kila floo, na chemba ya mtaa wetu ikifurika inafurikia kwa nani? Kwa aliye chini. Tumebaki wawili tulio chini. Kaka amejenga kizingiti cha matofali mlango wa mbele, unaruka ndo uingie, shangazi kwa magoti yake anasaidiwa.

Na kuanguka. Sitaki kuandika sana hapa ila siwezi kuruka. 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Morogoro Road na Indira Gandhi lilidondoka lote asubuhi, watu 36 wakafa, na watoto walikuwa wanacheza pembeni pale. Ikaja kujulikana kibali kilikuwa cha floo chache kuliko zile. Tukasema hii imefundisha. 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, hapa hapa, Mchikichi na Congo, likadondoka jengo la floo nne lililokuwa na maduka na watu wake, huku chini wanachimba kupanua. Watu walikuwa wanapiga simu toka chini ya kifusi, wengine waliokolewa na wengine simu zilizima. Walikufa zaidi ya 25. Siku ile sisi tuliskia mshindo tukadhani lori limegonga, halafu vumbi likaja mpaka mtaani kwetu, jeupe, likakaa juu ya vikombe. Serikali ikaamuru majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Mi nilichobaki nacho ni hiki, nikiona kwenye mchoro pameandikwa "stoo na pakingi" chini ya ardhi, tumbo linakata. Maana kushoto kwetu walipochimba ya kwao ukuta wetu wa uani ulipasuka kutoka juu mpaka chini, ufa unaingiza kidole, na tulipolalamika kwenye ofisi inayohusika tukaambiwa tulete picha, tukapeleka picha, tukaambiwa tulete za kabla. Nani anapiga picha ukuta wake kabla haujapasuka?

Siku hizi napiga. Nina picha za kuta zote nne, na gazeti la siku hiyo nimeliegemeza, kama watekaji wa kwenye filamu. Nawashauri mfanye hivyo wenye jirani anayeanza kuchimba. Pigeni na kile kibao cha mradi, chenye mwenye jengo na mkandarasi na mhandisi na namba za bodi, kabla hakijafunikwa na nguo za machinga. Cha hapa kushoto kilikuwa kimeandikwa idadi ya floo, siku moja nikaona namba imepakwa rangi. Nikauliza fundi, akasema mvua.

Nirudi kikaoni. Watu wakishasikia neno mirathi wanapata nguvu. Binamu mmoja akasema tunaogopa ushirikina wa wazee, nyumba ina warithi kumi na moja, tukisubiri tutauana hapa tugawane bati. Na ana hoja! Hiki kitu wale wanaotetea majengo ya zamani hawakisemi. Urithi kwa maana ya mji na urithi kwa maana ya mirathi ni neno moja kwa Kiswahili na hapa vinapigana. Huwezi kumwambia mtu anayedaiwa ada ya mtoto kwamba kaa na baraza kwa faida ya taifa. Kama taifa linaitaka nyumba ya bibi lije na bati. Hakuna siku hata moja kaja mtu akasema msivunje, tutawapunguzia kodi ya jengo, au tutawakopesha mjenge floo moja nyuma mwache mbele kama ilivyo, au wenye ghorofa waliopewa floo za ziada wachangie mabomba. Anayekuja ni mtu wa ghorofa peke yake. Basi atashinda, si kwa ubaya wake, kwasababu ndo aliyepiga hodi.

Mimi nilisema langu, nikasema mi sikatai kujenga. Nakataa kumi. Tujenge tatu au nne, mbele tuache baraza lenye kivuli ambalo si la fremu, katikati tuache ua ulio wazi juu, choo na maji kila floo, ngazi pana, na wapangaji wetu waliopo, yule fundi na wenzake, wapate kurudi kwa kodi wanayoweza. Mtu wa ghorofa akatoa kikokotoo, hakunidharau, akapiga akanionyesha. "Kaka kwa floo nne hela yangu hairudi mpaka mjukuu wangu aoe. Kiwanja cha Kariakoo kina bei yake, na bei hiyo ni ya floo kumi." Nikamuuliza na kibali tumeshapata cha kumi? Akasema hilo niachieni mimi. Kaka akatabasamu. Mi ndo hapo nilipoogopa.

Wapangaji hawakuitwa kikaoni, nimelikumbuka wakati naandika. Mwana wa fundi alikuwa hatua mbili tu kutoka tulipokaa, anashona gauni la harusi la mtu, anasikia kila kitu, na kila tulipofika kwenye neno "kuvunja" mguu wake kwenye cherehani ulikuwa unasimama, halafu unaendelea. Amezaliwa humu. Baba yake kafia humu. Kwenye karatasi ya mtu wa ghorofa yeye ni "kuondoa wapangaji, siku 90".

Kikao kikaisha bila sahihi, maana shangazi ndo msimamizi wa mirathi na bila yeye hakuna kitu, akasema hasaini hajajibiwa swali lake. Mtu wa ghorofa akasema mama hilo la lifti ni dogo, wiki ijayo nakuja na vipimo vyake kutoka kwa anayeuza. Wakapeana mikono, akavaa viatu, akaruka kizingiti, akaingia kwenye gari lake ambalo kirikuu kilikuwa kimelizibia na ikabidi asubiri dakika mbili za yule bwana.

Jumamosi ndo anakuja. Leo asubuhi kaka kaandika kwenye grupu kwamba shangazi ameazima futi ya yule fundi cherehani na amemtuma mjukuu wake msikitini akapime jeneza, urefu na mapana, na asisahau kupima na ile mikono ya kubebea.